Shamba Lisiloonekana Maji Yakijaa

Lugoba, Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kimoyomoyo, na naamini umeketi, maana nimemwomba Mwalimu Rehema asikukabidhi barua hii ukiwa umesimama. Huyo aliye mbele yako ndiye mwalimu wetu wa kompyuta ninayekusimulia kila likizo. Tafadhali mpe maji ya kunywa kwanza, ndipo usome. Ametoka mbali na amebadilisha magari.

Mimi ni mzima, alhamdulillah. Chakula nakula, usingizi napata, na kile kikohozi kimekwisha kwa tangawizi uliyonifungia. Je, goti la Bibi linaendeleaje? Baba amemaliza milango ya ile nyumba ya Dunda? Na mgongo wako, Mama? Usinijibu kwamba hujambo tu. Nieleze kama unavyomweleza Shangazi.

Huku maisha ni mazuri, ila hakuna bahari. Jumapili mchana, wenzangu wakiwa wamelala, mimi hujilaza na kusikiliza malori ya barabara kuu. Yanapita mfululizo, na nikifumba macho mvumo wake hufanana kidogo na mawimbi yanapovunjika kule mwambani. Rafiki yangu Tatu, wa kitanda cha juu, ni Mkwere wa hapahapa na hajawahi kuiona bahari. Juzi aliinamisha kichwa kutoka kitandani kwake akaniambia, "Acha kutabasamu peke yako, wewe Mpwani. Hayo ni malori ya kokoto."

Sasa nikueleze kazi iliyonifanya nikae kimya siku zote hizi, kwa sababu inakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Utakumbuka likizo iliyopita nilivyojigamba mbele ya Shangazi Mwanahawa kwamba klabu yetu ya kompyuta inafundishwa kutengeneza ramani ambazo mtu huzifungua kwenye simu. Nilisema tu, kama mtoto anavyosema. Lakini Shangazi ndiye mwenyekiti wa kikundi chenu cha mwani, na maneno ya kufaa hayaachi yakaanguka. Kamati ya kupanga matumizi ya pwani ilipotangaza kwamba kila kikundi kionyeshe mashamba yake kwenye ramani, na kwamba pasipo na shamba kwenye ramani patahesabiwa kuwa ni maji matupu, wapewe wenye boti za wageni waegeshe, Shangazi alimpigia simu Mwalimu Rehema moja kwa moja. Nilikuwepo. Sauti yake ilisikika mpaka nje ya dirisha.

"Mwalimu, hao wanafunzi wako wanajua kutengeneza ramani au hawajui?"

"Wanajifunza, Bi Mwanahawa."

"Sikuuliza kama wanajifunza. Kamati inataka kuiona kwenye simu zao Ijumaa ijayo kabla ya sala. Jumamosi ni kikao. Wanajua au hawajui?"

Mwalimu alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Wanajua," akasema. Kisha akaweka simu mezani akashusha pumzi. "Haya, Saumu. Shangazi yako ametutia majini na nguo zetu."

Bintiye Shangazi, Dada Zuhura, ndiye aliyetutumia vipimo. Alizunguka mashamba na kina mama wenzako, na kwenye kila pembe simu yake ikaandika namba mbili: moja inayosema mahali pale pako umbali gani kusini au kaskazini, na nyingine inayosema mashariki au magharibi. Tulizipokea kwa shangwe. Nikaziingiza mimi mwenyewe, nikabonyeza, nikasubiri mashamba yenu yatokee mbele ya minazi ya kwetu.

Hayakutokea. Tukaisogeza ramani, tukatafuta Bagamoyo yote, tukapanda mpaka Saadani, hakuna kitu. Tatu ndiye aliyeipunguza ramani mpaka dunia ikaonekana nzima kama embe, akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Mpwani! Bahari yenu imehamia Hispania!"

Kweli, Mama. Mashamba yote ya mwani ya kikundi chenu yalikuwa nchi kavu huko Hispania, katikati ya mashamba ya watu wengine, mbali na bahari yoyote. Nilikuwa nimegeuza namba, ya kwanza nimeiweka mahali pa ya pili. Mwalimu alisema hakuna mtengeneza ramani duniani ambaye hajawahi kufanya hivyo. Lakini siku ile nilipolala kidogo baada ya chakula cha mchana niliwaota ninyi wote, mmefunga kanga viunoni, mnatembea kwenye ile nchi ya watu mkitafuta maji, na Shangazi Mwanahawa yuko mbele anaulizia njia.

Tulipozigeuza namba mkarudi nyumbani, ilibaki kazi ya kuiweka ramani mahali ambapo kila mtu ataifungua. Kwenye kompyuta ya Mwalimu ilifunguka vizuri, lakini ramani iliyomo kwenye kompyuta ya Mwalimu ni ya Mwalimu peke yake. Ili kamati waione kwenye simu zao, lazima ikae kwenye wingu. Usishangae, Mama. Wingu hili ni kompyuta za watu, ziko mbali, hazizimwi usiku wala mchana, nawe unakodi nafasi ndogo ndani yake. Mwalimu alitueleza hivi: ni kama kupanga chumba kwenye nyumba ya mtu usiyemjua, ukaweka humo kitu chako, ukaacha taa inawaka na mlango wazi, ili yeyote apitaye akione. Tuliulizwa tunataka chumba chetu kiwe nchi gani. Tukachagua Afrika Kusini, kwa kuwa ni karibu kuliko Ulaya. Kwa hiyo pwani yetu sasa inakaa pia Afrika Kusini, kwenye jumba lenye baridi ambalo sitaliona kamwe. Nikiwaza hivyo najisikia kama nimesafiri.

Jumatano ramani ilifunguka kwa mara ya kwanza kwenye simu ya Mwalimu. Klabu nzima ilipiga vigelegele hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Kila shamba lilikuwa na rangi ya kijani, na ukiligusa linatoa jina la mwenye shamba. Wenzangu walikuwa wanaligusa la huyu na la yule na kuyasoma majina yenu kwa sauti. Mimi nikawa natafuta lako.

Nililitafuta pole pole, nikidhani nimekosea. Kisha nikalitafuta haraka. Mahali ambapo najua uko, kule mbele, penye kina, unakopanda mwani wa kotonii kwa sababu kwenye maji machache jua linauchoma, palikuwa bluu tupu. Shamba lililonisomesha halikuwepo.

Mwalimu akanipa simu yake nimpigie Dada Zuhura.

"Dada, la Mama liko wapi?"

"La nani? La Mama Saumu? Si liko kule ndani."

"Hukulipima?"

"Ningelipimaje? Maji yalinifika kiunoni nikarudi. Simu hii ndiyo macho yangu, Saumu, nikaizamishe?"

"Kwani mlipima siku gani?"

"Siku za maji mafu. Ulitaka tupime bamvua? Bamvua mtu anafunga mwani, hana mkono wa kushika simu! Maji mafu ndiyo siku za kukaa kitako. Mama yako mwenyewe siku hiyo alikwenda Dunda kununua kamba."

Alikuwa na haki. Ningekuwepo ningefanya vilevile. Nani kwetu angeipoteza bamvua kwa kutembea na simu, wakati bahari inakwenda mbali siku zile chache tu na kila mmoja ana kamba zake za kufunga? Kwa hiyo mkapima siku ambazo kila mtu ana nafasi, na siku hizo bahari haitoki. Mashamba ya karibu yakaingia kwenye ramani. Yaliyo ndani yakabaki chini ya maji. Na bamvua nyingine inakuja baada ya kikao, si kabla.

Zuhura akasema, "Basi chora tu pale mbele kiboksi chako. Nani atakwenda kupima?"

Nakiri nilitamani. Nilimweleza Mwalimu. Hakunigombeza. Alisema, "Wakigundua moja ni la kubuni, Saumu, hata yale ya kweli watayafuta. Utamwambia nini Bi Mwanahawa?" Akaenda kufundisha kidato cha pili akaniacha na Tatu mbele ya ile bluu.

Hapo ndipo nikaitazama bluu yenyewe. Chini ya ramani yetu kuna picha, Mama, iliyopigwa na setilaiti kutoka juu sana. Nikaanza kujiuliza picha ile ilipigwa bahari ikiwa wapi. Mwalimu alishatufundisha kwamba setilaiti ile hupita juu yetu kila baada ya siku chache, na saa yake ni ileile siku zote, saa nne na kitu asubuhi. Na saa nne na kitu asubuhi, siku za bamvua, wewe uko wapi? Umeinama kule mbele, maji yako kwenye vifundo vya miguu. Siku za maji mafu, saa hiyohiyo, bahari imejaa mpaka kwenye mikoko. Picha tuliyokuwa nayo ilipigwa siku ambayo bahari imejaa. Lakini picha ziko nyingi.

"Tatu," nikasema, "nahitaji kalenda ile ya bwaloni. Yenye tarehe za Kiislamu."

"Unataka kufunga?"

"Nataka mwezi."

Alikwenda akaing'oa ukutani na msumari wake. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na tangu utotoni nakusikia ukihesabu mwezi kwa vidole huku unasuka ukili. Basi tukakaa, Tatu akisoma kalenda na mimi nikisoma tarehe za picha, tukitafuta siku ambayo setilaiti imepita juu yetu na mwezi uko mahali pake. Ya kwanza ilikuwa na mawingu, haya ya kweli ya mvua, meupe tele, pwani yote haionekani. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikafunguka taratibu kutoka juu, na Tatu akaacha kutafuna muwa wake.

Bahari ilikuwa imetoka, Mama. Sijawahi kuiona kwetu hivyo. Mchanga umelala mweupe wenye mikunjo kama shuka asubuhi, vijito vya maji vinang'aa katikati yake, na mbele kabisa, karibu na ukingo wa bluu, kulikuwa na mabaka mawili meusi yenye pembe nne. Bahari haichori pembe. Zile ni kamba za mtu. Nililiangalia baka moja mpaka macho yakaniuma, kwa kuwa saa ile ndiyo saa yako ya kazi, na labda umo ndani ya picha ile, mdogo kuliko punje ya mchele, umeinama hujui kwamba kuna kitu kimepita juu yako kimya kimekutazama.

Tatu aliuliza kwa sauti ya chini, "Hii yote huwa ni bahari?"

"Ikirudi, ndiyo."

"Na nyinyi mnalima humo?"

"Mama analima."

Tangu hapo hajaniita Mpwani kwa kejeli. Ananiita bado, lakini kwa namna nyingine.

Ilikuwa imeshafika Alhamisi na tulibakiwa na alasiri moja. Picha mpya ilikuwa nzito, na intaneti ya shule ni kama bomba la kijijini, inatoka ikitaka. Tuliipakua, ikachukua muda mrefu, tukaanza kuipakia kwenye chumba chetu cha Afrika Kusini, umeme ukakatika. Ukarudi, tukaanza upya, ukakatika tena. Mwalimu alikaa ameshika kichwa. Tatu, ambaye huwa hasemi sana kwenye klabu, akasema, "Mwalimu, samahani. Hiyo picha si ilitoka huko huko mawinguni?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini tunachota maji kisimani tunayaleta nyumbani, halafu tunayarudisha kisimani?"

Mwalimu alimtazama kama anamwona leo. Kisha akacheka, akaketi, akaandika maagizo mafupi ya kuiambia kompyuta ile ya mbali iende yenyewe ikaichukue picha, iikate vigae vidogo vidogo ili simu isilemewe, ivipange. Maagizo yale yalikuwa mepesi kama ujumbe wa simu, yakaenda kwa mara moja. Sisi huku tukakaa gizani, kompyuta ikiwa na chaji kidogo tu, huku kazi inafanyika nchi nyingine penye umeme. Kulikuwa na utulivu wa ajabu. Mvua ilikuwa inataka kunyesha, na nilikuwa naisikia ile pwani ikisafiri.

Leo asubuhi kabla ya adhana ya Ijumaa Mwalimu alifungua simu yake. Ramani ikatokea, bahari imetoka, mashamba ya kijani yamepangika ufukweni, na mawili mapya kule mbele. Akaituma kwa kamati. Wakajibu wameipata na inafunguka.

Sasa, Mama, soma hapa pole pole.

Yale mashamba mawili ya ndani hayana jina. Tuliyachora kwa rangi ya kijivu. Najua moja ni lako na jingine ni la Bi Mize jirani yako, lakini lipi ni la nani sijui, kwa kuwa ulihamisha vigingi baada ya upepo wa kusi na mimi nilikuwa huku. Nilimuuliza Zuhura, naye hana hakika. Ningeweza kubahatisha. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi kabisa, na lile la kushoto nililipenda. Sikuandika, kwa sababu kama nimekosea nimemnyang'anya Bi Mize, au nimekunyang'anya wewe.

Kamati imekubali kuyapokea hivyo, kwa sharti moja. Shamba lisilo na jina, mwenye shamba asimame mwenyewe kwenye kikao alitaje. Mwenyekiti wa kikundi haruhusiwi kumsemea. Likikosa msemaji, litafutwa na pale patakuwa maji matupu.

Bi Mize atasimama. Tunamjua, atasimama kabla hajaitwa. Ninayemfikiria ni wewe. Nimekuona vikaoni ukikaa nyuma karibu na mlango, upindo wa kanga mdomoni, ukiulizwa unamtazama Shangazi naye anajibu. Sikulaumu. Mimi pia darasani nilikuwa hivyo, mpaka Mwalimu Rehema akaacha kunisaidia kujibu.

Kesho kikaoni Mwalimu atamulika ramani ukutani. Usiogope kuwa hujui mambo ya ramani. Utaona ufuo wetu kama unavyouona siku ya bamvua ukisimama juu ya ngazi za ofisi ya kikundi, ila hapa unautazama kutoka juu kabisa. Mikoko ni ile ya kijani kibichi, mkono wa kushoto. Tafuta kile kijito unachovuka ukienda kazini, kifuate mbele mpaka yale mabaka mawili. Utajua. Unakwenda huko hata kabla jua halijawaka, hutakosa njia mchana ukutani. Simama, nyoosha kidole, useme, "Hapo ni pangu," na utaje jina lako. Jina lako mwenyewe, Mama, Mwanaidi binti Salimu, si Mama Saumu. Mwalimu ataliandika papo hapo.

Mwalimu mkuu ameturuhusu kesho mimi na Tatu tukae chumba cha kompyuta na kuifungua ramani. Hatutasikia lolote la kikao. Lakini Mwalimu akishaandika jina huko, shamba litatoka kijivu liwe kijani hapa hapa mbele yetu, wakati ule ule. Kwa hiyo nitakuwa nimekaa nakuangalia, na wewe ujue hivyo.

Nisalimie Baba, fundi wangu, mwambie kiti alichonitengenezea kinaonewa wivu na bweni zima. Msalimie Bibi, mama yake Baba, na umsugue goti kwa mafuta ya nazi nilivyokuwa nikifanya mimi. Shangazi Mwanahawa, mwenyekiti wetu, mwambie tulijua. Dada Zuhura, binti yake, mwambie simu yake imefanya kazi kubwa na simlaumu hata kidogo. Mdogo wangu Juma mpe busu kwenye paji la uso, hata akikimbia. Bi Mize naye msalimie, jirani wa nchi kavu na wa majini. Tatu anakuamkia, na anasema akija likizo utamwonyesha pa kukanyaga.

Kesho nimekaa, Mama, natazama kile kijivu.

Mwanao wa kwanza,
Saumu